Mabega ya Admirali

Jumatano, 2 Julai 2014
Ramadhani hii meza haionekani kwa vitambaa vya Idi. Baada ya kufuturu, binti wa kaka yangu akanisomea habari: "Shangazi, jana Marekani wamempa mwanamke nyota nne za jeshi la wanamaji. Mweusi kama sisi." Anaitwa Michelle Howard. Jeshi lina miaka zaidi ya 200, na hajatokea mwanamke mwingine aliyefika hapo.

Kilichonishika mimi ni cha kifundi. Alipoagiza vyeo vya begani vya nyota nne kwa kipimo cha kike, havikuwapo. Ikabidi uandikwe mkataba maalumu ndipo vitengenezwe. Waziri wa jeshi hilo na mume wake ndio waliomvisha. Nacheka peke yangu: nyota zipo, mabega yapo, cha kuziwekea hakuna!

Ijumaa, 4 Julai
Kumbe tuna habari naye hapa Mombasa. Aprili 2009, meli ya Maersk Alabama ikija kwetu na chakula cha msaada, maharamia waliipanda tarehe 8, wakaondoka na nahodha Richard Phillips ndani ya mashua ya kuokolea maisha. Meli ikaingia bandarini bila yeye. Kikosi cha kupambana na maharamia kilikuwa chini ya Howard, naye ana siku chache tu kazini, yuko kwenye manowari ya Boxer. Jumapili ya Pasaka wadunguaji waliokuwa kwenye manowari ya Bainbridge wakawaua maharamia watatu, na nahodha akatoka hai. Sinema iliyotoka mwaka jana ina jina la nahodha.

"Hao watatu nao walikuwa watoto wa watu, Shangazi." Sikuwa na jibu. Nikamwambia anishikie upindo.

Jumatatu, 7 Julai
Leo binti ameniletea habari za utoto wa Howard. Akiwa na miaka 12 aliona kwenye televisheni kipindi kuhusu vyuo vya kijeshi, akataka kwenda. Wasichana hawakuruhusiwa. Mama yake akamwambia akifika umri aombe, na wakimkataa watakwenda mahakamani. Haikufika huko: sheria ilibadilishwa, wanawake wakaanza kuingia chuo cha wanamaji 1976, naye akahitimu 1982. Mwaka 1999 akakabidhiwa meli ya Rushmore, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza meli ya jeshi hilo. Magazeti yanaimba nyota. Mimi nimempenda mama mtu zaidi.

Alhamisi, 10 Julai
Kampuni moja ya ulinzi imeleta oda ya mashati, nao wameajiri wanawake mwaka huu. Kipimo kilicholetwa ni kimoja, cha kiume. Nimempigia simu msimamizi. "Mama, kata yote sawa, watakunja mikono." Mikono sawa, na mabega watayakunjaje? Nimewaita wale wasichana waje kesho baada ya alasiri niwapime. Bei haiongezeki, na msimamizi atajua siku ya kuchukua.