Tulia

Ipo mikono ambayo riziki yake ni kutulia: mkono wa fundi saa, wa kinyozi, wa mchonga milango ya nakshi, na wa mpiga picha. Mzee mmoja wa Kumsenga, katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, alikuwa na mkono wa namna hiyo. Kwa takriban miaka 30 aliwapiga watu picha za vitambulisho na za harusi. Mbele ya kitambaa chake cheupe waliketi walimu, warina asali, maharusi, na watu waliovuka mpaka kutoka Burundi baada ya machafuko ya mwaka 1993. Wote hao aliwaambia neno moja kabla ya kubonyeza kitufe: "Tulia."

Kisha mkono wake wenyewe ukaikataa amri hiyo. Mtetemeko ulianza kwa kikombe cha chai kugonga kisahani chake, ukaingia katika kalamu, mwisho ukafika kwenye kamera. Mzee hakumwambia mtu. Akazoea kuuficha mkono ndani ya koti, na wateja walipouliza mbona studio imefungwa, aliwajibu kwamba siku hizi kila mtu ana kamera ndani ya simu yake. Jibu hilo lilikuwa la kweli, ila halikuwa sababu.

Mpwa wake, mkaazi wa Dar es Salaam na mpiga picha za wanyama, aliijua sababu siku aliyokuja kumtembelea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za pwani?"

Kijana hakujibu upesi, kwani mkono aliopewa ulikuwa ukitapatapa ndani ya mkono wake kama ndege aliyenaswa. Hakuuliza kitu. Asubuhi ya pili alifungua mkoba wake, akatoa lenzi ndefu ya milimita 400, yenye swichi ndogo ubavuni, akaiweka mezani.

Ndani ya lenzi ya aina hiyo mna vihisio vidogo vinavyopima kila mtikisiko, na mna kipande cha kioo kinachosukumwa kwa nguvu ya sumaku-umeme. Mkono ukienda huku, kioo huhama papo hapo ili kuirudisha taswira mahali pake. Utulivu wake, basi, si utulivu wa jiwe. Ni wa mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi, aonekanaye hatikisiki kwa sababu kila kiungo chake kinatikisika kwa hesabu. Kampuni ya Canon ya Japani ilitoa lenzi ya kwanza ya namna hiyo kwa kamera za kubadilisha lenzi mwaka 1995. Nyingine zikafuata, na leo kamera nyingi zina kitulizi ndani ya mwili wake pia.

Faida yake huonekana katika kanuni ya zamani ya wapiga picha. Kadiri lenzi inavyovuta vilivyo mbali, ndivyo inavyoukuza mtikisiko wa mkono. Kwa hiyo, aliyeshika lenzi ya milimita 400 alifundishwa asiiache shata wazi kwa muda unaozidi sehemu 1 ya 400 ya sekunde. Kitulizi chenye nguvu ya hatua 3 humruhusu kufika sehemu 1 ya 50, yaani kupokea mwanga mara 8. Alfajiri, au chini ya miti mikubwa, hiyo ndiyo tofauti baina ya picha na giza.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtaja Hugo van Lawick, aliyefika Gombe, katika mkoa huohuo wa Kigoma, mwaka 1962, kuwapiga picha sokwe waliokuwa wakichunguzwa na Jane Goodall. Sokwe ni mweusi na msitu wake una kivuli, na filamu za zama hizo zilikuwa na kiu kubwa ya mwanga.

"Yule hakuwa na swichi," alisema mzee. "Alitulia mwenyewe."

"Ni kweli, mjomba. Lakini naye aliisimamisha kamera juu ya miguu mitatu. Na miguu ile haikuwa yake."

Mzee akacheka.

Wakatafuta kibali, wakateremka bonde la mto Malagarasi hadi kwenye ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Humo, kati ya mafunjo, huishi korongo domo-kiatu, ndege wa kijivu mwenye kimo cha zaidi ya mita 1 na mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Husimama muda mrefu bila kutikisika, akimvizia kamongo au kambare. Mzee alikuwa amemtamani ndege huyo tangu ujana wake. Maisha yake yote aliwaamuru watu watulie; hakuwahi kumpiga picha kiumbe anayetulia bila kuambiwa.

Walimkuta alfajiri, jua halijapanda. Mvuvi aliyewaongoza alichomeka upondo kwenye tope na kuukumbatia, mtumbwi usiyumbe, maana kitulizi huuweza mtetemeko mdogo wa haraka, lakini hakiuwezi mwendo mkubwa wa polepole wa maji. Kijana aliweka kifuko cha maharage ukingoni mwa mtumbwi, na juu yake mzee akaegemeza lenzi.

"Bonyeza nusu, mjomba. Ngojea taswira itulie, ndipo umalizie."

Mzee akabonyeza nusu. Katika tundu la kamera, ndege aliyekuwa akirukaruka pamoja na mkono wake akasimama. Mzee akamtazama kitambo kirefu kuliko alivyohitaji, kisha akamalizia.

Kijana naye alikuwa na lenzi kama ile. Akaitegemea swichi, akaiacha shata wazi kwa sehemu 1 ya 50 ya sekunde, na wakati huohuo korongo akajitupa majini juu ya samaki. Picha yake ikawa ukungu wa kijivu. Kitulizi humtuliza mwenye kushika kamera, mnyama hakimtulizi. Anayekwenda hunaswa kwa kasi ya shata peke yake. Kijana alilijua jambo hilo na aliwafundisha wengine, lakini swichi ina tabia ya kumsahaulisha mtu anayoyajua.

Jioni walizitazama picha. Katika picha ya mzee, hata mstari wa jicho la ndege ulihesabika.

"Nitaichapisha kubwa, mjomba, uitundike studio. Watu waone kwamba mkono wako bado upo."

Mzee alinyamaza. Alikumbuka picha zake za zamani, ambazo yeye peke yake aliweza kuzisoma: hii ina ukungu kwa kuwa bibi harusi alipumua, ile kwa kuwa mpiga picha alikuwa na homa. Kila picha ilitoa ushahidi wa wawili, aliyetazamwa na aliyetazama.

"Picha hii inasema kweli juu ya ndege," alisema hatimaye, "na inasema uongo juu ya mkono wangu."

"Basi tuiache, mjomba?"

"La. Ndege hana kosa. Itundike, na chini yake uandike kwamba aliyeipiga alikuwa akitetemeka."

Ikatundikwa hivyo, na studio ikafunguliwa. Wateja huisoma ile sentensi, kisha huutazama mkono, ambao haufichwi tena ndani ya koti. Kisha huketi mbele ya kitambaa cheupe, na mzee huwaambia neno lake la siku zote. Nao hutulia.