Tanzia: Kamati ya Ukombozi, 1963–1994

Ndugu, jamaa na marafiki mlioko Dar es Salaam, Maputo, Luanda, Harare, Windhoek na Pretoria, tunatangaza msiba wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao wengi wenu mliuona ukija lakini hakuna aliyeupigia mbiu.

Marehemu alizaliwa Addis Ababa Mei 1963, katika mkutano uleule uliouzaa Umoja wenyewe, akaletwa Dar es Salaam angali mchanga, akalelewa na serikali ya Tanganyika ambayo uhuru wake haukuwa umetimiza hata miaka miwili na ambayo bado ilikuwa ikihangaikia walimu na madaktari wake. Alipewa kazi moja: kuwapokea wapigania uhuru na kuwatafutia fedha, silaha na mahali pa kujifunzia vita, hadi mkoloni wa mwisho afungashe virago.

Aliifanya katika ufukara. Nchi wanachama ziliahidi michango kwa makofi na kuilipa kwa kusuasua, na mzigo ukamrudia mwenyeji: ardhi ya Kongwa, Nachingwea na Mgagao ikawa makambi, Radio Tanzania ikawapa wapigania uhuru sauti, na Mwalimu Nyerere alipovunja uhusiano na Uingereza Desemba 1965 kwa ajili ya uasi wa walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Msiba nao ulibisha hodi Dar es Salaam: Februari 1969, bomu lililofichwa katika kifurushi cha kitabu lilimuua Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji.

Hakuwa malaika: huko Angola alianza kwa kuegemea upande wa Holden Roberto, kiongozi wa FNLA, na ugomvi wa vyama ulimshinda mara nyingi. Hata hivyo aliziona Msumbiji na Angola zikijitawala 1975, Zimbabwe 1980, Namibia 1990, na Waafrika Kusini walipopiga kura Aprili 1994, yeye na katibu wake mtendaji wa miaka mingi, Hashim Mbita, walifunga kazi Arusha mwaka huohuo.

Tunamlilia pamoja na serikali ya aina ile, iliyobeba shida za jirani kabla zake hazijaisha; nayo imezikwa, hatuitarajii tena.

Ameacha makaburi Kongwa na Mazimbu, shule ya ANC ambayo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na juzuu tisa za historia zilizokusanywa na SADC kwa jina la Mbita. Mirathi haina mgogoro. Warithi wengi hawajajitokeza kuidai.