Safari ya Mlimani kwa Gari la Kulala



Wazazi wengi wa mwambao wana hamu ya kuwatoa watoto wao matembezi wakati wa likizo, lakini wakisikia kutajwa mlima huingiwa na wasiwasi. Husema kule kuna baridi kali, misikiti iko mbalimbali, nyama haijulikani imechinjwa na nani, na kila penye kivuli pana chungu cha pombe. Katika haya yako ya kweli na yako ya kusikia tu. Sisi tulitoka Tanga na watu wa nyumbani kwetu, jumla yetu watu saba, tukaenda Kilimanjaro tukakaa siku tatu, na twaona inafaa kuwasimulia wenzetu tuliyoyaona.

Gari tulilokwenda nalo ni Toyota Hiace ya shemeji yetu, ambaye ni fundi wa magari. Aling'oa viti vya nyuma akaweka vitanda viwili vya mbao na magodoro, na chini ya vitanda akatengeneza masanduku ya sufuria, mchele na nguo. Jiko la gesi likawa mlangoni, na maji tukayachukua katika madumu matatu ya lita 20. Usiku wanawake walilala ndani ya gari pazia zikiwa zimeshushwa, na sisi wanaume tukalala nje chini ya turubai. Wazungu wana magari makubwa ya namna hii, yenye choo na bafu ndani, nao huzunguka nayo nchi nzima. Letu halikuwa na fahari hiyo, lakini lilitutosha. Faida yake kubwa si kuokoa kodi ya hoteli tu. Mwenye jiko lake hana haja ya kuuliza nyama imechinjwa na nani, na mwenye madumu yake ya maji hahangaiki kutafuta pa kutawadha wakati wa Alfajiri.

Kutoka Tanga mpaka Moshi ni safari ya kilomita 350 hivi. Basi msafiri wa madhehebu yetu ya Shafi ana ruhusa ya kupunguza sala na kuzikusanya, na ruhusa hiyo haimwondoki huko aendako maadamu hakunuia kukaa siku nne kamili. Twalitaja hili kwa sababu tumewaona watu wazima wakiona haya kusali Adhuhuri rakaa mbili, kana kwamba ni uvivu, hali ya kuwa ni sadaka ya Mola wao.

Tulipofika Hale tuliwaonyesha vijana njia ya mto Pangani. Mto huo hupokea maji ya mlima Meru na ya Kilimanjaro, huyakusanya katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ukapita nyikani chini ya milima ya Upare na Usambara, ukazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani, kisha ukaingia baharini katika mji wa Pangani. Mmoja wao akasema, "Basi Baba, taa tunayosomea chuoni inatoka kule tuendako?" Tukamwambia kwamba sehemu yake ndiyo. Toka hapo safari yao ikawa na maana nyingine, wakawa hawaupiti mto wala mfereji ila huuliza unakwenda wapi.

Mji wa Moshi una misikiti mingi, na Msikiti wa Riadha ni maarufu. Tena Moshi iko kusini ya Kibo, na kutoka pale Makka iko upande wa kaskazini, ikielekea mashariki kidogo. Kwa hiyo mtu asaliye Moshi mahali pa wazi huuelekea mlima. Asubuhi ya pili mawingu yalikuwa hayajapanda. Tulipotoa salamu na kunyanyua macho tukauona mlima wote mbele yetu, na theluji yake juu. Hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu.

Theluji hiyo yapungua. Wataalamu walioipima wasema kwamba barafu iliyokuwako mwaka 1912, yapata asilimia 85 yake ilikuwa imekwisha kutoweka ilipofika mwaka 2007. Watu wengi hudhani mito ya Uchagani yatoka katika barafu hiyo, na kwamba ikiisha mito nayo itakauka. Sivyo. Sehemu kubwa ya maji yatoka katika mvua na ukungu unaonaswa na msitu ulioviringa kiuno cha mlima, na ndiyo sababu moto wa msituni ni hatari kubwa zaidi kwa mwenye shamba kuliko kuyeyuka kwa barafu. Msitu huo uliingizwa wote katika hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Marangu tulifika kwa kukata njia Himo. Huko ndiko alikotoka Yohani Kinyala Lauwo, ambaye husimuliwa kuwa kiongozi wa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, wazungu waliofika kileleni mwaka 1889. Kilele kina mita 5,895, na sisi hatukukitamani. Magoti yetu yana umri wake. Vijana walipanda na kiongozi mpaka vibanda vya Mandara, mita 2,720, wakarudi jioni wakisifu mbega weusi wenye mikia myeupe, na ua dogo lenye rangi nyekundu na manjano lisiloota popote duniani ila katika mlima huu.

Sisi wazee tulikwenda kwenye maporomoko ya Kinukamori. Wenyeji wana hadithi yao juu ya msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa, akaenda pale kujitupa kwa kuogopa adhabu. Alipoghairi na kugeuka arudi, akakutana uso kwa uso na chui, akarudi nyuma akaanguka. Sanamu yake iko pale. Mama wa nyumba yetu aliitazama sana, kisha akauliza: je, hakuwa na hata mtu mmoja wa kumkimbilia? Mwenye kulea mabinti asilipite swali hilo upesi.

Sasa tuje kwenye pombe, maana ndilo wanaloliogopa wengi. Wachagga wana kinywaji chao kiitwacho mbege. Huchemsha ndizi mbivu kwa muda mrefu, huziacha zikapoa na kuchachuka siku kadhaa, kisha huzichuja. Ulezi nao huuotesha, huuanika, huusaga, huupika uji, ukachanganywa na maji ya ndizi, na gome chungu la mti wa msesewe hutiwa pia. Mbege huingia katika posa, katika arusi, katika matanga na katika kupatanisha wagomvi. Si kilevi cha vijiwe tu, ni ulimi wa heshima kwao. Na hapo ndipo ugumu ulipo kwa mgeni Mwislamu.

Mzee aliyetukaribisha katika kihamba chake alitusalimu kwa adabu kubwa, akaagiza kata ya kibuyu. Akanywa yeye kwanza, kama desturi yao, ili mgeni ajue hakina sumu, kisha akatunyoshea sisi tuliokuwa wakubwa wa msafara. Vijana walikuwa wamekwisha rudi, wote watatu wakitutazama. Miaka mingi tumewasomesha aya ya 90 ya Sura ya Maida, lakini mtoto hujifunza zaidi kwa yale ayaonayo mwalimu wake anafanya mbele ya mtu anayemheshimu. Tuliipokea kata kwa mikono miwili, tukamrudishia, tukasema, "Mzee wangu, heshima yako tumeipokea yote. Kinywaji ndicho dini yetu haituruhusu."

Akacheka. "Mwalimu, niliiona kofia yako, lakini nisingekunyoshea ungesema nimekudharau. Sisi hapa tuna ndugu zetu wa tumbo moja Waislamu. Tukiwa na arusi, wao ndio wanaochinja, ili wote tule chungu kimoja." Akamwita mjukuu wake, tukaletewa ndizi za kuchoma na chai ya maziwa, tukanywa kwa vikombe vyetu, tukazungumza mpaka magharibi.

Kijana mmoja akatuuliza baadaye kama togwa nayo ni haramu, kwa kuwa nayo ni ulezi. Tukamjibu kwamba togwa ambayo haijachachuka kufikia kulewesha ni halali, na ikifikia kulewesha, basi tone lake ni kama pipa lake. Ndizi na ulezi havina kosa. Akauliza tena kama tulipata dhambi kwa kukaa na yule mzee. Tukamwambia kwamba kukaa katika karamu ya ulevi ni jambo la kuepukwa, na ndiyo sababu kata ilipoanza kuzunguka kwa majirani sisi tulihamia barazani kwa chai, na mwenyeji mwenyewe akatufuata akaiacha pombe yake. Lakini kukataa kumwamkia mzee wa watu kwa kuwa nyumbani mwake mna chungu, hilo hatulioni katika mwenendo wa Mtume wetu.

Siku ya tatu tulikwenda Materuni, si mbali na Moshi. Njia yapita katika vihamba, kahawa chini, migomba juu yake, na miti mirefu juu ya migomba. Mifereji ya maji, waiitayo mfongo, yapita kati, kazi ya mababu zao. Maporomoko yake yana mita 80 hivi, na baridi ya maji yake hatuielezi. Huko hutwanga kahawa katika kinu wakiimba, huikaanga hapo hapo, wakakupa uinywe ingali moto. Kahawa waliileta mapadri wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na mbegu yao ilitoka kisiwa cha Réunion, ambako ilikuwa imepelekwa kutoka Yemen. Na Yemen ndiko masufi, katika karne ya 15, walikokuwa wakiinywa ili wakeshe katika dhikri. Kwa hiyo asiyekunywa mbege mlimani hakukosa kinywaji chenye nasaba.

Atakayependa kwenda achague Januari na Februari, au Julai mpaka Oktoba. Katika masika, Machi hadi Mei, njia ya Materuni ni utelezi mtupu na gari zito litakwama. Achukue makoti na soksi za sufu kwa kila mtu, turubai la pili, na buli kubwa la chai. Gesi tulinunua Himo ilipotuishia.