Jino la Pembe si Dawa ya Pengo

Wahenga walionena kwamba jino la pembe si dawa ya pengo walikuwa wamekichunguza kinywa cha binadamu kwa makini kuliko inavyodhaniwa. Ushahidi wa uchunguzi huo umo katika lugha yenyewe. Mswahili hachanganyi mwanya na pengo: mwanya ni pambo la kuzaliwa nalo, na washairi wameusifu tangu jadi, pengo ni alama ya kitu kilichokuwapo kikatoweka. Ana chonge na ana magego. Uchafu unaogandamana na jino ameuita ukoga, aliyepoteza meno yote amemwita kibogoyo, na mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu amemwita kigego. Hata mswaki wa plastiki unaouzwa madukani umerithi jina la mti ambao vijiti vyake vimesafisha vinywa vya watu wa pwani na bara kwa karne nyingi. Ajabu ni kwamba lugha yenye hazina hii yote haijaafikiana juu ya jina la mtu ambaye kazi yake ni kulilinda jino ili lisifike mahali pa kung'olewa. Mng'oa meno anajulikana, na daktari wa meno anajulikana. Huyu wa tatu huhitimu, huvaa joho, hupigiwa vigelegele, kisha hurudi nyumbani akiwa hana jina.

Kila msimu wa mahafali unapowadia, safari huanza mapema katika miji kama Garsen. Mzazi anayemsindikiza mwanawe hulazimika kuingia basini usiku au alfajiri ili afike Nairobi kwa wakati. Mama hujifunga leso mpya, mjomba huazima koti, na mdogo wa mhitimu hukabidhiwa kazi ya kulinda mfuko wa chakula. Uwanjani, majina yasomwapo, familia hiyo husikiliza orodha ndefu kwa ajili ya jina moja tu. Hakuna mwenye haki ya kuipunguza furaha hiyo. Hata hivyo, inafaa ijulikane kwamba wahitimu wa taaluma ya meno, ijapokuwa siku hiyo huitwa wote kwa jina moja la "daktari" na jamaa zao, hawakupita njia moja kufika pale, wala hawataondoka kwa njia moja.

Yupo aliyepita njia ya shahada. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha upasuaji wa meno mwaka 1974, na Chuo Kikuu cha Moi, mjini Eldoret, kilifuata baadaye. Mwanafunzi wa njia hii husoma miaka mitano. Mwanzoni hujifunza mwili mzima bega kwa bega na wenzake wa udaktari wa kawaida, kwa sababu jino halikuoteshwa hewani. Lina mshipa wa damu na mshipa wa fahamu, na usaha wake ukiachwa huweza kushuka shingoni ukaua. Baada ya shahada kuna mwaka wa mafunzo ya kazini hospitalini, na hapo ndipo wengi wamekwama. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56 kuanzia Machi hadi Mei, ulihusu kwa sehemu kubwa wahitimu wa aina hii: kucheleweshwa kwa nafasi zao, na posho ambayo serikali ilitaka iwe shilingi 70,000 kwa mwezi ilhali mapatano ya mwaka 2017 yalitaja takriban 206,000. Aliyepigiwa vigelegele uwanjani alijikuta nyumbani, cheti kikiwa kabatini, akisubiri barua.

Yupo aliyepita njia ya stashahada, katika Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu, KMTC, ambacho historia yake inaanzia mwaka 1927. Huyu husoma miaka mitatu na kuitwa, kwa jina refu la kiofisi, afisa wa afya ya kinywa katika jamii. Hukwangua ukoga, huziba matundu madogo, hung'oa jino lisilo na matata. Juu ya yote, huenda shuleni kuwafundisha watoto jinsi ya kupiga mswaki kabla maumivu hayajawafundisha. Sheria ya madaktari iliyorekebishwa mwaka 2019 ilimtambua rasmi. Kutambuliwa na sheria, hata hivyo, si kuajiriwa.

Wa tatu ni fundi wa meno bandia. Mgonjwa aghalabu hamwoni kabisa. Hufanya kazi nyuma ya ukuta, mbele yake pakiwa na sampuli za vinywa zilizotengenezwa kwa jasi, akichonga na kung'arisha jino mpaka lifanane na majirani zake. Yeye, kuliko mwingine yeyote, anaujua ukweli wa methali ile ya jino la pembe. Anafahamu kwamba kazi yake, hata iwe nzuri kiasi gani, ni ya kusitiri hasara ambayo mwenzake wa stashahada angeizuia kwa mswaki na dakika kumi za maelezo.

Na wapo waliochelewa: muuguzi aliyerudi darasani akiwa na watoto, kijana aliyefanya vibarua miaka miwili kutafuta karo, msichana ambaye masomo yake yalikatizwa na mafuriko au na machafuko yaliyolikumba eneo la Delta mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013. Wengine, baada ya kuhitimu, huelekea kwenye utafiti, kwenye kliniki za watu binafsi mijini, au ng'ambo. Si haki kuwalaumu. Mtu haombwi kukaa mahali pasipo na kiti wala koleo wala mshahara kwa kuwa tu alizaliwa hapo.

Lakini ni mahali gani hapo? Kaunti ya Tana River ina eneo linalozidi kilomita za mraba 35,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 315,943. Mto ulioipa jina, ambao ni mrefu kuliko yote nchini Kenya, hutoka Mlima Kenya na safu za Aberdare, hupita katikati ya nchi kavu, kisha hujigawa na kumwagika baharini upande wa Kipini. Kandokando yake wanaishi Wapokomo wakulima, Waorma na Wawardei wafugaji, Wamunyoyaya, Wamalakote na wengineo. Garsen ndiyo njia panda yao: barabara ya kutoka Malindi kwenda Lamu hukutana hapo na ile itokayo Garissa kupitia Hola. Aishiye Ozi au Chara, jino likimvimba shavu, huanza kwa mtumbwi au pikipiki kabla ya kuifikia lami. Na akihitaji tiba isiyopatikana karibu, huwa mbele yake kuna safari ya Hola, au ya Malindi, yapata kilomita 110 kutoka Garsen. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023 na yale ya 2024 yalipokata barabara, safari hiyo haikuwezekana kwa siku nyingi. Jino halingoji maji yapungue.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watoto wa Kenya na zaidi ya thuluthi ya watu wazima walikuwa na meno yaliyooza, na kwamba karibu kila mtu mzima alivuja damu ufizini. Hayo ni maradhi yanayozuilika. Watoto wa Mto Tana wamekuwa wakitafuna makoma tangu zama ambazo mapokeo yanamweka Fumo Liongo pande za Ozi na Kipini, naye akiyaangua kwa mishale ili asiupande mkoma na kuuawa juu yake. Tunda hilo gumu halikuwa adui mkubwa wa meno. Adui amekuja na soda, peremende na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, ilhali kijiti cha mswaki kimeachwa na mswaki wa dukani haujazoeleka katika kila boma. Na itakumbukwa kwamba tayari mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi ya mswaki wa mti pale unapopatikana. Mhitimu mwenye busara hataanza kwa kuukejeli. Ataanza kwa kuonyesha jinsi ya kuutumia vyema.

Ni watu hawa wa Tana walioipa Kenya sauti ya Wimbo wake wa Taifa, kwani lahani yake ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea watoto. Nchi nzima husimama wima kwa sauti iliyokusudiwa kumnyamazisha mtoto anayelia. Usiku, katika nyumba zisizo na daktari karibu, bado wapo watoto wanaolia kwa ajili ya jino, na mama hana zaidi ya wimbo, karafuu na maji ya chumvi.

Zaidi ya maumivu, kuna imani. Katika jamii kadhaa za pwani kigego aliogopwa kama mleta nuksi, na zamani uhai wake wenyewe ulikuwa hatarini. Kwingineko Afrika Mashariki, mtoto mchanga akipatwa na homa au kuhara, wapo wanaompasua ufizi na kuchokoa chonge ambalo halijaota, wakidai kwamba ni "meno ya plastiki", kama yaitwavyo Tanzania, au "ebinyo", kama wasemavyo Uganda. Chombo kisicho safi huacha kidonda, na kidonda huacha kaburi. Dawa ya imani hizi haimo ndani ya chupa. Imo katika mazungumzo ya subira baina ya mama na mtu anayemwamini, kwa lugha wanayoielewa wote wawili.

Hapa ndipo taaluma ya meno inapobisha hodi katika idara za Kiswahili. Mhitimu amefundishwa kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mgonjwa wa Garsen hamwambii kwamba kiini cha jino kimepata uvimbe. Humwambia kwamba jino linapwita, linavuta hadi sikioni, lina mdudu. Neno "mdudu" likichekwa, mgonjwa hufunga kinywa, na kinywa kilichofungwa hakitibiki. Likisikilizwa, huwa mlango: daktari huweza kueleza kwamba kweli pana viumbe wanaolila jino, ila ni wadogo mno, na chakula chao ni sukari iliyosalia baada ya mlo. Kwa Mpokomo, Kiswahili ni ndugu wa damu, kwani lugha zote mbili ni za tawi la Kisabaki. Kwa Muorma, ambaye lugha yake ni ya Kikushi, Kiswahili ni daraja la kujengwa kwa uangalifu zaidi, hasa kwa wazee na kina mama ambao hawakupata kusoma. Mhitimu aliyelelewa kwenye mto huo huja na daraja tayari. Ndiyo sababu kurudi kwake kuna thamani isiyoandikwa kwenye cheti.

Kambi za matibabu za siku moja au mbili huletwa mara kwa mara katika sehemu za mbali za nchi, na wanaozileta wanastahili shukrani. Foleni hupangwa chini ya mti, meno yaliyooza hung'olewa kwa wingi, picha hupigwa, kisha magari huondoka. Anayeng'olewa hupona maumivu na kubaki na pengo. Msaada wa aina hiyo ni jino la pembe: hupendeza machoni, lakini haukuota pale na hauna mzizi. Mzizi ni yule afisa anayekwenda katika shule ileile muhula baada ya muhula, anayemjua mtoto kwa jina na kumuuliza bibi yake kama ufizi ungali unavuja damu. Tangu huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013, uamuzi wa kumwajiri mtu huyo hufanywa Hola wala si Nairobi. Udhuru wa umbali, basi, umepungua nguvu.

Na jina lake? Matangazo ya kazi nchini Tanzania yamemzoesha msomaji "tabibu wa meno", tofauti na "daktari wa meno", na hiyo ni hatua ya maana. Lakini tabibu bado ni mtu wa ugonjwa. Anayezuia ugonjwa angeweza kuitwa mlinda kinywa, au mtunza meno, au jina jingine ambalo wazungumzaji wenyewe watalikubali. Mjadala huo si wa kujifurahisha. Kazi isiyo na jina fupi husahauliwa bajeti inapoandikwa, na mama asiyejua amwite nani hamwiti mtu. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada za tasnifu wanaweza kukaa na wahitimu hawa, wakusanye maneno ambayo wagonjwa wa Tana huyatumia kuyaeleza maumivu yao, na kuyapanga katika faharasa ambayo mwanafunzi wa KMTC ataitia mfukoni siku anapopangiwa kazi.

Hongera ni zao wote: wa shahada na wa stashahada, fundi wa nyuma ya ukuta, aliyemaliza kwa wakati na aliyechelewa, atakayebaki mjini na atakayerudi. Hongera kubwa zaidi impate yule atakayeshuka basini Garsen akiwa na mkoba wake, kabla barua ya ajira haijafika, akaenda shule ya jirani kuomba ruhusa ya kuzungumza na darasa la kwanza. Watoto hao ndio kwanza wanaota magego yao ya kudumu.