Maji ya Nakuru Hayachemki kwa 100

Wasee wa Nax, leo naungama. Nikiwa kidato cha tatu nilipika data ya fizikia. Nilipika ikaiva, na nikapewa tiki.

Kazi ilikuwa kutafuta joto mahususi la shaba nyekundu. Kama umesahau, hilo ni kiasi cha joto kinachohitajika kupandisha kilo moja ya kitu kwa digrii moja tu. Maji yanataka jouli 4200. Shaba inataka kama 390, ndio maana inashika moto haraka hivyo.

Njia yenyewe si ngumu. Unafunga kipande cha shaba kwa uzi, unakichemsha ndani ya maji mpaka kiwe na joto sawa na hayo maji. Halafu chapchap unakihamishia kwa kikombe cha maji baridi, unakoroga, unasoma themomita ikifika juu kabisa. Joto lililotoka kwa shaba ndilo limeingia kwa maji. Ni kama pesa: zimetoka mfuko huu, zimeingia ule.

Tulikuwa na shaba gramu 200, na maji gramu 100 yenye digrii 22. Kikombe kilikuwa plastiki nyepesi, tumekizungushia pamba, kwa hivyo joto lake tuliliacha nje ya hesabu.

Beshte yangu wa hiyo meza ndiye alikuwa anasoma themomita. Akasema, "Maji yanachemka lakini imekwama 94."

Nikacheka kwa sauti. "Hiyo themomita ni mbovu. Kila mtu anajua maji huchemka kwa 100. Andika 100."

Akaangalia tena. Akaniangalia mimi. Akafuta 94, akaandika 100.

Shaba ikaingia kwa kikombe, maji yakapanda mpaka 33. Yaani yamepata digrii 11, ambazo ni jouli 4620. Shaba nayo, kwa hesabu yangu, imeshuka kutoka 100 hadi 33, digrii 67. Nikagawanya: 4620 kwa 0.2 mara 67. Jibu 345.

Kitabu kinasema 390. Manze, aibu. Kwa hivyo nikarudi kwa jedwali nikageuza 33 ikawa 34. Jibu jipya likawa 382. Safi! Tiki.

Miaka ikapita. Juzi mdogo wangu, ambaye sasa yuko kidato hicho hicho, akarudi nyumbani akilalamika: "Themomita za shule ni takataka. Zote zinakwama 94."

Zote? Hapo ndipo nilinyamaza. Themomita moja inaweza kuharibika. Lakini zote ziharibike, tena kwa namba ile ile?

Nakuru iko kama mita 1850 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayotukandamiza huku ni kidogo kuliko ya Mombasa, kwa hivyo maji hayangoji mpaka 100 ndio yageuke mvuke. Hapa yanachemka kwa kama 94. Panda mpaka Nyahururu, kwenye mita 2360 hivi, yanachemka kwa kama 92. Ndio maana maharagwe huku yanakula makaa kuliko Pwani: sufuria inatokota, lakini maji hayana moto wa kutosha. Kitabu hakikudanganya. 100 ni ya usawa wa bahari, ila sisi tulikariri namba tukaacha maelezo yake.

Nikachukua karatasi nikarudia hesabu na namba tulizoona kwa macho yetu. Kutoka 94 hadi 33 ni digrii 61. 4620 kwa 0.2 mara 61. Jibu: 379.

Umeona? Nilidanganya mara mbili nikapata 382. Ukweli mtupu ungenipa 379, na hizo 11 zilizobaki kufika 390 ningeweza kuzieleza vizuri tu: shaba ilipoa kidogo tukiihamisha. Uongo wa pili ulikuwa wa kurekebisha ule wa kwanza. Hiyo kazi yote ilikuwa bure.

Najua mtu ataniambia, "Buda, ni namba tu." Sawa. Lakini mimi sikufuta namba tu. Nilimfanya mtu aliyeona vizuri aanze kushuku macho yake, kwa sababu nilikuwa na kelele na nilikuwa na kitabu. Na bado tunafanyiana hivyo kila siku. Mtu anasema alichokiona, sisi tunamwambia alichopaswa kuona.

Kama una praktiko ya KCSE mbele yako, andika kile themomita inasema. Kama kinakushangaza, usikifute. Uliza kwa nini.

Jana nilimtumia yule beshte meseji: "Ulikuwa sawa. Ni 94."

Akajibu: "Nilijua. Lakini wewe ulikuwa unacheka."