Nusu Sekunde kwa Dola 2,000

Mpwa wangu aishiye Marekani alinitaka shauri: je, ainunulie gari yake ya umeme, Tesla Model 3, nguvu za ziada ziuzwazo na kiwanda chenyewe? Hapafunguliwi hata parafujo moja. Kiwanda hutuma programu kwa intaneti, na mota zile zile zikaruhusiwa kutoa nguvu zaidi. Ilipotoka mwaka 2019, bei ilikuwa dola 2,000. Gari iliyofikia mwendo wa maili 60 kwa saa kwa sekunde 4.4, sasa hufikia kwa sekunde 3.9.

Nilimjibu kwamba kununua kwenyewe ni mubaha. Mwenye mali ya halali hakukatazwa kustarehe. Lakini israfu haipimwi kwa bei peke yake, hupimwa kwa haja. Yeye huendesha kwenda kazini na kurudi, tena katika foleni. Nusu sekunde hiyo ataitumia wapi?

Tena alikusudia kulipa kwa kadi ya mkopo, na deni lake lisipolipwa kwa wakati huzaa riba. Hapo mubaha hufungua mlango wa haramu. Na mamake, dada yangu, huku Mombasa analala chini ya paa linalovuja. Haki ya mama hutangulia starehe ya mwana.

Alinijibu: “Mjomba, gari yaenda vyema kama ilivyo.” Mabati yalifika kabla ya masika.

Wazazi wenzangu, tuwazoeze wanetu kuuliza kabla ya kununua: ni nani mwenye haki na fedha hizi kabla yangu? Wallahu aalam.