Kicheko na Swali

Mimi ni mwalimu wa lugha. Fizikia naitazama kama mgeni atazamavyo nyumba ya watu. Hata hivyo, mlango wake mmoja naujua: jikoni. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanganyika, alitia maziwa yenye sukari katika jokofu yangali moto, ili yawe aiskrimu. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu, alichekwa. Hakunyamaza. Alimwuliza Dakta Denis Osborne. Huyu hakudharau, jambo likajaribiwa, na mwaka 1969 wakaliandika pamoja. Wataalamu wangali wakibishana juu yake. Enyi vijana, sufuria ina elimu. Lakini mwenye kuuliza ahitaji mwenzi asiyecheka. Kila mmoja wenu na awe mwenzi huyo.